Masika Yaingiapo Shambani

Mwezi wa Machi ukifika katikati, mashamba ya Uganda ya kusini hubadilika sura kwa muda wa juma moja. Vumbi lililotanda juu ya migomba tangu Januari huoshwa kwa usiku mmoja, na harufu ya udongo uliolowa humfikia mtu kabla hajafungua mlango. Askari ateremkaye katika basi, akiwa na ruhusa ya siku kumi, huvuta pumzi hiyo akasahau kidogo kwamba mbele yake ziko kilomita tano za matope. Baiskeli iliyokuja kumchukua ndiyo itakayochukuliwa begani.

Nyumbani mama watoto hayupo mlangoni. Yuko kondeni, maana maharage hayangoji likizo ya mtu. Yakipandwa mapema huiva baada ya miezi mitatu hivi, yakaanikwa katika jua la Juni. Yakichelewa, mvua huweza kukoma maua yangali machanga. Mke wa askari, ambaye mara nyingi hulima peke yake, anajua kuliko mumewe thamani ya siku tano zilizopotea.

Halafu wako kumbikumbi! Watokapo kichuguuni kwa maelfu, mtoto haitiki tena aitwapo. Wako wazee wasiongoja hata mvua: hugongagonga vijiti juu ya kichuguu kwa mlio wa matone, wadudu wakadanganyika wakatoka. Hukaangwa bila mafuta, kwa kuwa wanayo yao wenyewe. Kwenye vichuguu huota pia uyoga mdogo mweupe ambao Waganda huuita obutiko obubaala. Ukipikwa kwa karanga hauna mfano, ingawa kuutoa udongo humaliza subira ya mpishi.

Kuni mbichi na moshi wake, bati livujalo juu ya kitanda, siafu wanaoitoa familia nzima uani usiku wa manane: hayo huudhi, kisha huchekesha. Mbu hachekeshi. Maji kidogo yaliyotuama katika nyayo za ng'ombe humtosha kutaga mayai, na kwa majuma mawili hivi huwa ameshapata mabawa. Homa ya malaria kwa mtoto mdogo huweza kuwa ya hatari kabla siku haijaisha, na barabara ya zahanati ndiyo ile ile ya matope. Vyandarua vyenye dawa vimegawiwa nchini mara kadhaa tangu mwaka 2013. Ajabu ni kuona kimoja kimefunika kitalu cha kabichi hali mtoto amelala wazi.

Siku kumi zatosha kufukia nyayo hizo karibu na nyumba, kuchimba mfereji na kuziba bati. Palizi ya kwanza itafika mwenye nyumba akiwa lindoni tena, na jembe litakuwa mkononi mwa mama watoto.