Mfarishi wa Viraka

Katika kijiji cha Genkuru, wilaya ya Tarime, ambako dhahabu huchimbwa karibu na milango ya watu, ni wachache wanaoinama kuokota kitambaa. Fundi wa cherehani akatapo kitenge au sare ya shule, vipande humwangukia miguuni, na jioni hufagiliwa. Vilivyo bora hujazwa katika mito ya kulalia. Vingine watoto huvifunga kwa kamba vikawa mpira. Vilivyosalia huchomwa moto. Kiraka chenyewe ni jina lenye aibu, maana suruali yenye kiraka hutangaza ufukara wa mwenyewe kabla hajafungua kinywa. Wazee wa Kikurya waliolalia ngozi za ng'ombe hawakuwa na haja ya kuunga vipande vya nguo, na wajukuu wao wamezaliwa katika zama za blanketi la dukani na mitumba ya mnadani. Kwa hiyo aulizapo mtu kama mwanamke aweza kushona matambara maisha yake yote, na kazi yake ikatundikwa ukutani watu watoke mbali kuitazama, aghalabu hujibiwa kwa kicheko. Walakini wako wanawake wa namna hiyo, na baadhi yao ni uzao wa watu waliotoka upande huu wa bahari.

Katika misitu ya Uttara Kannada, jimbo la Karnataka, magharibi ya India, wanaishi Wasidi. Wahenga wao wengi walichukuliwa utumwani kutoka Afrika Mashariki, na Wareno waliwaingiza wengi katika nchi kwa mlango wa Goa tangu karne ya 16. Waliopata nafasi ya kutoroka walikimbilia misituni, wakakaa. Lugha za mababu zimewatoka. Leo husema Kikonkani na Kikannada. Wako Wasidi Waislamu, wako Wakristo, wako Wahindu. Wengi wao wamekuwa vibarua na wakulima wadogo, na ni mwaka 2003 tu serikali ya India ilipowatia katika orodha ya makabila yanayostahili hifadhi maalumu ya sheria. Dini zimewagawa, lakini sindano haikuwagawa. Katika nyumba za dini zote tatu mna kawandi, nao ni mfarishi wa viraka, tandiko la kulalia na la kujifunika kwa pamoja.

Namna ya kuushona yastahili kuelezwa polepole, kwa kuwa ndani yake mna akili ambayo mpita njia haioni. Mshonaji huketi chini, akatandaza sari kuukuu iwe msingi. Hana fremu, hana kielelezo kilichochorwa, wala hakati kwanza viraka vyote akavipanga. Huanzia kwenye kona moja ya ukingo, akakunja pindo la kiraka, akalipiga bandi kwa mshono mrefu unaopenya tabaka zote hadi chini. Kisha kiraka cha pili, na cha tatu, huku akiuzunguka ukingo wote. Amalizapo mzunguko mmoja huanza mwingine kwa ndani, na hivyo huendelea kuelekea katikati, mpaka nafasi iliyobaki ni ndogo kama kiganja. Mistari ya nyuzi iliyofuatana huacha mawimbi juu ya nguo. Rangi huchaguliwa papo hapo, kwa jicho la mwenye kazi, kutoka katika rundo la nguo ambazo familia imezivaa hadi zikachoka. Pengine Mkristo hutia msalaba, na Mwislamu hutia mwezi mwandamo. Hatimaye kila kona hupewa kitambaa kilichokunjwa pembe tatu, kiitwacho phula, yaani ua. Kawandi isiyo na maua hayo, wao husema iko uchi. Neno hili la mwisho lafaa kuzingatiwa na wale wanaodhani kwamba maskini hushona kwa dhiki tu. Pembe hizo hazimwongezei mlalaji joto hata kidogo.

Maisha ya mshonaji hupimwa kwa mifarishi hiyo. Msichana hujifunza kwa kumtazama mama na bibi yake. Akizaa hushona mdogo wa kumlaza mtoto. Watoto wakiongezeka, mfarishi huongezeka upana. Aufikiapo uzee, shamba likimshinda, sindano humbakia, hushonea wajukuu. Kazi hii haikuwa na bei wala jina la mtendaji, kwa sababu nyumbani kila mtu alijua ni ya nani.

Mwanzoni mwa karne hii Henry John Drewal, mwanachuoni wa sanaa za Afrika katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, alianza kuzuru vijiji hivyo. Wanawake waliungana katika ushirika wa kuuza kazi zao, na mwaka 2011 mifarishi ya Wasidi ilitundikwa katika Schomburg Center, Harlem, jijini New York. Hapo ndipo maneno mawili yanapokutana, kitanda na ukuta. Ukuta umewaletea washonaji fedha na sifa, na ni vigumu kumwambia kibarua kwamba fedha si kitu. Lakini ukuta una madai yake. Kawandi haina juu wala chini, kwa kuwa aliyeishona aliizunguka. Mtundikaji hana budi kuamua ukingo upi uwe kichwa. Kawandi hutumiwa ikachakaa, na ikichakaa huweza kufunikwa kwa viraka vipya. Ukutani hairuhusiwi kuchakaa. Na mnunuzi wa mbali hupenda nguo mpya na safi, ilhali uzuri wa kawandi watoka katika nguo zilizokwisha valiwa na watu wanaojulikana.

Mambo haya yaliwapata pia wajukuu wa watumwa wa Marekani. Wanawake wa Gee's Bend, katika jimbo la Alabama, walishona mifarishi kwa nguo za kazi, na mwaka 2002 mifarishi yao ilionyeshwa Houston, kisha New York. Mwaka 2006 kumi kati yake ilichapwa juu ya stempu za posta. Mmoja wa washonaji hao aliitwa Missouri Pettway. Alipofiwa na mumewe, mwaka 1942, alizitwaa nguo za shamba za marehemu, akazikata, akazishona pamoja na binti yake ili ajifunike. Kupauka kwa nguo hizo kunaonekana wazi. Mtazamaji wa majumba ya sanaa huusifu kwa mpango wa rangi zake, buluu na kijivu na hudhurungi, na sifa hiyo ni ya haki. Ila mjane hakuzichagua rangi hizo dukani. Ndizo alizoziacha mumewe.

Kwa Wasidi mashauri hayajakwisha. Mwenye mikono miwili hushona wa kuuza na wa kulalia, na siku zake ni zile zile. Ule wa kuuza huvuka bahari, ukapewa ukingo wa juu. Ule mwingine hutandikwa sakafuni usiku, watoto wakaulalia wanne wanne, na asubuhi huanikwa juani.