Mizani Iliyopotea Puani

Mtunzi anapohesabu mizani ya neno "mtu", huhesabu mbili. Ile m ya mwanzo, japokuwa haina irabu, husimama peke yake na kudai haki yake kamili katika mshororo. Nayo haina pa kupitia ila puani: midomo imefumbwa, ulimi umetulia, sauti yote hutokea juu. Mtoto aliyeziba pua daima hawezi kuitoa. "Mama" yake hukaribia kuwa "baba", na "nana" ikawa "dada". Watu husema ana king'ong'o, na hapo hukosea kidogo, kwani mwenye king'ong'o ni yule ambaye pumzi humkimbilia puani kupita kiasi. Huyu haimfikii puani hata chembe.

Usemi wa namna hiyo ndio uliomshughulisha Wilhelm Meyer, tabibu wa Copenhagen, nchini Denmark. Alimpata mgonjwa, mwanamke kijana mwenye sauti iliyofifia na masikio mazito. Hakuridhika na kuchungulia masikio. Alipitisha kidole nyuma ya kaakaa, akakuta vinyama laini vimejaa pale pua inapokutana na koo. Mwaka 1868 akachapisha habari za vinyama hivyo, ambavyo ni ndugu wa mafindofindo. Ugonjwa ulikuwa sikioni, chanzo chake kikawa nyuma ya pua.

Baina ya viungo hivyo viwili kuna ujia. Bartolomeo Eustachi, Mtaliano, aliueleza katika kitabu kilichotoka mwaka 1564, na jina lake likaganda hapo. Hata Wayunani wa kale walikuwa na lao: Aristotle alimsuta Alcmaeon kwa kudai kuwa mbuzi huvuta pumzi kwa masikio. Dai la kuchekesha, ila si la mjinga.

Kwa mtu mzima ujia huo una urefu wa takriban milimita 35, nao hushuka kutoka sikio la kati hadi nyuma ya pua. Aghalabu umefungwa. Mtu akimeza mate au akipiga miayo, misuli ya kaakaa huufungua, hewa ikaingia, na kiwambo cha sikio kikasawazika ndani na nje. Jina hilo limefaa kweli, kwani ni ngozi iliyowambwa kama ya ngoma, na ngoma iliyojaa maji haiitiki. Wapiga mbizi wa pwani wanaujua ujia huu pasi na kitabu: hubana pua, hupuliza kwa ndani, masikio yakafunguka. Mwenye mafua hubaki ngalawani.

Ujia wa mtoto ni mfupi, tena umelala. Vinyama vikivimba mlangoni pake, hewa iliyobaki ndani hunywewa na mwili, kiwambo huvutwa kwa ndani, na mahali pa hewa hujaa maji, pengine mazito kama gundi. Mara nyingi hapana maumivu wala usaha, na hiyo ndiyo hatari yake. Mtoto husikia kama aliyejiziba masikio kwa vidole: kelele anazipata, mnong'ono haumfikii.

Tena leo asikia, kesho hasikii, kwa kuwa mafua huja na kwenda. Basi mwalimu chuoni na mama jikoni wote huamini kuwa asikia atakapo. Hapo hutolewa methali ya sikio la kufa, na bakora nyuma yake. Ni dhuluma. Methali hiyo haikutungwa kwa ajili ya mtoto alalaye kinywa wazi akikoroma. Mafuta ya uvuguvugu atiwayo nayo hayafai kitu, kwani hukomea nje ya kiwambo, na maji yako ndani.

Wengi hupona wenyewe katika miezi mitatu, na vinyama hunywea kadiri mtoto akuavyo. Wasiopona hukatwa vinyama, au hutobolewa kiwambo na kutiwa kijibomba cha kupitisha hewa. Lakini kwa mtoto wa miaka mitatu, miezi ni mingi. Ndiyo miezi ya kutenga "mti" na "miti", "mtu" na "watu", na m asiyoisikia hawezi kuitamka hata pua ikizibuka. Kwa muda huo, bibi amwimbiaye mapajani, uso kwa uso, polepole, humpa m nyingi kuliko redio iliyofunguliwa mpaka mwisho.