Safari Yangu ya Kwanza Kalenga

Kalenga iko kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini, kando ya mto Ruaha Mdogo. "Kamwene," dereva alinisalimu, nami nikaitikia hivyo hivyo, kwani Kihehe changu kinaishia hapo.

Tulipoiacha lami, gari likaanza kudunda. Kila tuta lilituachia midundo mitatu minne ya ziada.

"Shokomzoba za nyuma zimekufa, kaka," alisema. "Springi inacheza peke yake, hakuna wa kuituliza."

Hiyo ilikuwa fizikia tupu. Springi ikibonyezwa husukuma kurudi mahali pake. Ikifika haisimami, mwendo iliokwisha kuupata huipitiliza hadi upande wa pili, kisha huvutwa tena. Shokomzoba huumaliza mwendo huo kwa kuugeuza kuwa joto ndani ya mafuta yake. Kwenda na kurudi huko ndiko kuyumba. Mitaani, anayeyumba ni mtu asiye na msimamo. Kwa mwanafizikia, hakuna kuyumba pasipo kitovu cha kurudia na nguvu ya kurudisha.

Wazo hilo niliingia nalo Makumbusho ya Mkwawa. Hapa ndipo ilipokuwa ngome ya Mkwawa, mtwa, yaani chifu, wa Wahehe. Agosti 1891, kule Lugalo, Wahehe waliwapiga Wajerumani na kumwua kamanda wao, Emil von Zelewski. Oktoba 1894 Wajerumani wakarudi na mizinga, wakaibomoa Kalenga. Mkwawa akaingia porini, akapigana kwa kuvizia hadi Julai 1898, alipojipiga risasi ili asikamatwe. Kichwa chake kikapelekwa Ujerumani.

Sasa fuvu limo ndani ya kioo. Dereva, aliyeingia pamoja nami, alilitazama, akasema, "Lilikwenda, likarudi."

Likarudi, ndiyo, ila si kama springi. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliitaka Ujerumani ilikabidhi kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Mwaka 1954 Gavana Edward Twining alilileta fuvu kutoka makumbusho ya Bremen, akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Springi hurudishwa na chuma chake yenyewe, haihitaji kuombewa. Kilichochukuliwa na wenye mizinga hakina chuma cha namna hiyo: nguvu ya kukirudisha ni watu wanaoendelea kukidai, kizazi baada ya kizazi, hata muda uliowekwa ukishapita.