Kamera Iliyoketi Mkekani

Marehemu bibi yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, tulimpiga video mara moja tu, akisuka ukili barazani. Tulifanya kama zifanyavyo filamu nyingi za Marekani, ambazo mtu akicheka au akilia kamera humfuata usoni. Uso wake ukajaa kioo chote cha simu. Leo hatuioni mikono yake, mkeka wake, wala wajukuu waliomzunguka.

Majuzi tulitazama Tokyo Story, filamu ya Kijapani ya mwaka 1953 iliyoongozwa na Yasujirō Ozu. Wazee wawili wanakwenda Tokyo kuwazuru watoto wao. Watoto wana shughuli zao. Ozu aliiweka kamera chini, karibu na kimo cha mtu aliyeketi mkekani, akaiacha itulie. Chumba kizima huonekana: nani ameketi na mama, na nani ameinuka akaenda zake. Huzuni imo katika nafasi iliyobaki wazi.

Tulinyamaza. Bibi tulimpiga video tukiwa tumesimama, na safari ya kurudi mjini ikitungoja. Mama yetu yu hai, alhamdulillahi. Ijumaa hii tutaketi naye mkekani kwanza, simu itafuata.