Oltepesi, Nchi ya Migunga na Matrekta

Msafiri atokaye Nairobi kwa njia ya Magadi hupita Ongata Rongai na Kiserian, na akifika Corner Baridi huliona Bonde la Ufa limefunguka mbele yake. Kutoka hapo njia hushuka na joto huzidi. Vilima vya Ngong hubaki nyuma, navyo huzuia sehemu kubwa ya mvua itokayo mashariki. Akiisha kupita Kisamis ndipo afikapo Oltepesi. Jina hili ni la Kimaasai, nalo ni jina la mgunga ule wenye kichwa bapa kama mwavuli, ambao maganda yake hupendwa sana na mbuzi wakati wa kiangazi.

Mbele kidogo ni Olorgesailie, mahali ambapo Louis Leakey na Mary Leakey walifanya uchunguzi katika miaka ya 1940 wakakuta mashoka ya mawe mengi mno. Huko kuna kuta nyeupe za udongo wa ziwa la kale, zilizochongwa na maji ya mvua. Mwenye kutaka kujua maji yaweza kuufanya nini udongo usio na majani, na asimame hapo kwa dakika tano.

Asili ya nchi hii ni malisho. Kwa sheria ya mwaka 1968 sehemu kubwa ya Kajiado ilifanywa ranchi za vikundi, na baadaye nyingi katika hizo ziligawanywa, kila mtu akapata hati yake. Kisha ukaja ukame wa 2020 hadi 2022, ambao uliangamiza mifugo mingi sana. Basi si ajabu kwamba wengine wamekodi trekta wakapanda mahindi na maharagwe. Siwalaumu, mtu aliyepoteza ng'ombe hana budi kutafuta chakula. Ninalolitazama ni namna ya kulima.

Trekta hupita na plau la sahani mara mbili, hata udongo huwa laini kama unga. Shamba la namna hiyo hupendeza macho. Lakini udongo si vumbi tupu. Chembe zake zimeshikamanishwa na mizizi, majani yaliyooza na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Plau likiupindua, hewa huingia kwa wingi, na ile mboji iliyojiweka kwa miaka mingi huoza upesi. Kwa kuwa kuoza huko hutoa chakula cha mimea, mavuno ya kwanza huwa mazuri, na hapo ndipo mkulima adanganyikapo. Baada ya misimu michache mboji imekwisha. Matone ya mvua huupiga udongo ulio wazi, ukaziba juu na kufanya ganda, na maji hukimbilia korongoni badala ya kuzama. Tena plau lipitalo kina kile kile kila mwaka huacha chini yake tabaka gumu ambalo mizizi hushindwa kulipenya. Kule Kitengela, penye udongo mweusi wa mfinyanzi, hatari huzidi: ukilimwa ungali na maji, hutoka mabonge yanayokauka kama matofali.

Wamarekani waliyaona hayo katika miaka ya 1930. Walikuwa wamepindua nyika pana za majani wapande ngano; ukame ulipokuja, upepo uliuchukua udongo wao ukatia giza mchana.

Dawa yake yajulikana. Ni jembe lenye jino moja, wengine huliita ripa, ambalo hupasua mistari ya kupandia tu na kuacha sehemu nyingine kama ilivyo, huku mabua yakilala juu ya ardhi. Kwa haki niseme kwamba magugu huongezeka katika miaka ya kwanza, na palizi huwa kazi kubwa.

Lakini shida kubwa ya Oltepesi si magugu. Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Kijana wangu, mabua yakilala shambani, ng'ombe wangu atakula nini Septemba?" Nikamwambia, "Mzee, hilo ni swali la haki." Jirani yake hukata mabua usawa wa magoti: sehemu ya juu huipeleka bomani, ya chini huiacha imesimama pamoja na mizizi yake, na lango la shamba hulifunga kwa miiba mpaka mvua inyeshe. Mzee alikwenda kuitazama miiba ile, akasema ni michache mno kwa mbuzi wa Oltepesi.