Treni ya Asubuhi Kwenda Ocean Road

Shangazi alimeza kidonge chake cha levothairoksini kabla hatujatoka nyumbani Dodoma, bado giza, kwa maji matupu. Stesheni niliponunua chai aliikataa mpaka nusu saa ipite. Tangu aondolewe tezi yote ya thairoidi shingoni, kidonge hicho ndicho kinachoshika kazi yake, na chakula kikitangulia tumboni dawa hainyonywi vizuri. Mambo hayo anayajua kuliko mimi. Mimi nilikuwa namsindikiza Dar es Salaam kwa mara ya kwanza, nibebe faili na kusikiliza kwa niaba yake, maana sikio lake moja limekuwa zito.

Treni ya SGR haikuchelewa njiani. Gulwe, Kidete, mahandaki ya Kilosa, mashamba ya mkonge, kisha Milima ya Uluguru upande wa kulia. Wenzetu walitazama dirishani. Mimi nilisoma faili. Saratani ya thairoidi aina ya papilari. Upasuaji. Iodini ya mionzi. Halafu karatasi ya maabara yenye namba moja ya thairoglobulini, bila kutaja mashine iliyotumika wala kipimo cha kingamwili.

Thairoglobulini ni protini inayotengenezwa na seli za tezi hiyo, ziwe nzima au za saratani iliyotokana nazo. Mtu mwenye tezi yake lazima awe nayo, kwa hiyo kwake kipimo hiki hakisemi mengi kuhusu saratani. Lakini aliyeondolewa tezi yote, kisha akapewa iodini ya mionzi iue mabaki, hatarajiwi kubaki nayo ila kidogo mno. Ikianza kupanda, kuna seli zimejificha mahali. Mbinu ya kuipima kwenye damu ilichapishwa mwaka 1973, na mpaka leo ndiyo nguzo ya kuwafuatilia wagonjwa hawa.

Hospitali ya saratani ya Ocean Road inatazamana na bahari, na jengo lake la zamani ni la Wajerumani, la mwishoni mwa karne ya 19. Kwenye benchi tulikaa na mama aliyetoka Songea na mzee wa Kigoma. Shangazi akasahau uchovu, akaanza kuulizana nao habari za mvua.

Muuguzi alimwamkia shikamoo, kisha akamuuliza swali ambalo sikulitegemea: kuna vidonge vyovyote vya nywele au kucha unavyotumia, mama? Vingi vina biotini, na biotini nyingi huingilia baadhi ya mashine, thairoglobulini ikasomeka chini kuliko ilivyo. Hakuna, alijibu Shangazi. Damu ikaingia kwenye kichupa chenye kifuniko cha njano. Muuguzi alikipindua taratibu mara kadhaa, akakisimamisha kwenye kishikio ili damu igande, akaandika jina, tarehe na saa.

Majibu hayakutoka siku hiyo. Tukalala Magomeni kwa binamu.

Tuliporudi hospitalini, thairoglobulini ilikuwa chini ya nanogramu 0.2 kwa mililita, kiwango ambacho kila mgonjwa wa aina hii anakiombea. Shangazi alisema alhamdulillahi kwa sauti. Daktari alitabasamu naye, kisha akaweka kidole kwenye mstari wa chini: kingamwili dhidi ya thairoglobulini zilikuwa juu. Akatueleza bila haraka. Kingamwili hizo huikamata protini, mashine ikashindwa kuiona, kama mtu aliyejifunika shuka usimtambue. Takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne au watano anazo. Kwa hiyo ile namba ndogo peke yake haikutosha kumtuliza mtu. Kuanzia sasa kingamwili zenyewe ndizo za kufuatiliwa: zikishuka mwaka hadi mwaka, ni dalili njema, zikipanda, shingo itafutwe vizuri kwa altrasaundi. TSH ipimwe siku hiyo hiyo, kwa sababu homoni hiyo ikiwa juu huzichochea seli kutoa thairoglobulini zaidi.

Nikampa karatasi ya zamani. Aliisoma, akaiweka kando kwa upole. Maabara tofauti, pengine mashine tofauti. Namba mbili za namna hiyo hazilinganishiki. Hapo ndipo moyo uliponiuma. Mgonjwa anaweza kupima kwa uaminifu miaka mingi, akitumia fedha za mahindi yake, na asiwe na mfululizo hata mmoja unaosomeka, kisa tu kila safari kapima pengine. Karatasi ya majibu isiyotaja mbinu ya kipimo inamnyima haki yake. Na kwa nini asafiri mtu wa miaka sabini, wakati seramu iliyotenganishwa na kuwekwa kwenye baridi inaweza kusafiri badala yake?

Shangazi aliuliza kama binti zake nao wako hatarini. Daktari akasema saratani ya papilari kwa kawaida hairithiwi. Ipo nyingine, ya medula, inayofuatiliwa kwa kalisitonini na CEA, na mara nyingine hupita kwenye ukoo kupitia jeni ya RET. Hiyo ndiyo inayodai ndugu wapimwe. Shangazi akashusha pumzi.

Niliomba barua. Daktari aliandika kwamba baada ya miezi sita damu itolewe Dodoma, seramu itumwe maabara ile ile, na vipimo vyote vitatu vifanywe kwa pamoja. Jumatatu niliipeleka mwenyewe hospitalini kwetu. Mkuu wa maabara aliisoma hadi mwisho, akauliza sampuli itakaa saa ngapi njiani, akachukua simu kuulizia kasha la barafu.