Ushuru wa Maharage na Daraja la Mawe

Mimi ni mkulima wa maharage katika milima ya Kigoma, na ninashuhudia kwamba mkutano wa kijiji unaweza kujenga daraja.

Zamani mto ndio uliotupangia bei. Masika yalipokolea lori halikuvuka. Mnunuzi alisimama ng'ambo na kutaja bei aliyoitaka, nasi tulivusha magunia kichwani. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya chakula uliposhushwa kutoka asilimia 5 hadi 2, majirani walishangilia. Mimi nilitaka kujua hiyo asilimia 2 iliyobaki inafanya kazi gani.

Nikaanza kuhudhuria mkutano mkuu wa kijiji. Humo kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana sauti, awe mwanamke au mwanamume. Nikasimama mbele ya wazee nikaomba kivuko chetu kiwe cha kwanza katika mpango wa kijiji. Ombi likapita. Likapanda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, na diwani akalifikisha kwenye baraza la madiwani. TARURA, wakala wa serikali ulioanza Julai 2017 kusimamia barabara za wilaya, ikaja kupima. Kisha tukaambiwa fedha hazitoshi, na tukaambiwa tena.

Mawe ndiyo yaliyotuvusha. Mkoani kwetu TARURA, kwa msaada wa Ubelgiji, imejenga madaraja ya upinde wa mawe. Mafundi hutengeneza kiunzi cha mbao chenye mgongo wa duara, hupanga mawe juu yake kwa saruji, na saruji ikishakomaa mbao hutolewa. Uzito wa mawe yenyewe ndio unaoyabana yasianguke, kwa hiyo upinde hauhitaji nondo, na gharama hushuka sana. Tena mawe tunayo mashambani! Mkutano ukaazimia kila kaya isombe mawe na mchanga. Tulisomba, akina mama tukiwa mbele, hadi daraja likasimama.

Siku hizi lori hufika hadi kwenye ghala letu, na bei tunaijadili tukiwa tumekaa. Nguvu kazi yetu haiondoi wajibu wa serikali. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA, na sisi wapanda bodaboda tunaichangia. Mkutano ujao nitaomba mapato na matumizi yasomwe yote, ndipo tupange kalavati za njia ya zahanati, kwa sababu mvua ikinyesha wajawazito bado wanabebwa kwa machela.